Tippu Tip: Tajiri wa njia ya Tabora aliyefuatwa na kesi mbili uzeeni

MKULIMA wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge huanza msimu akiwa na deni. Mbolea na dawa huja kwanza kupitia chama cha msingi, fedha hukatwa baadaye tumbaku ikishapita sokoni. Mwenye duka dogo Tabora mjini naye huchukua sabuni na sukari kwa muuzaji wa jumla kwa mali kauli, akitegemea kwamba mwisho wa mwezi wateja watakuwa wamelipa.

Wengi hudhani utaratibu huu uliletwa na vyama vya ushirika au na benki. Sivyo. Tabora imeishi kwa mkopo tangu karne ya 19, wakati mji huo ulipokuwa njia panda ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nguo zilitoka pwani kwa mkopo, pembe za ndovu zikarudi kulipa deni, na katikati palikuwa na ushuru wa njiani, mikataba na ugomvi wa wabia.

Makala haya yanaangalia maisha ya mtu mmoja aliyepita katika hayo yote: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Shuleni tulimsoma kama mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na ndivyo alivyokuwa. Hatumwandiki hapa ili kumsifu. Tunamwandika kwa sababu maisha yake yanaonyesha wazi mambo matatu yanayomgusa kila mkulima na mfanyabiashara mdogo hadi leo, yaani mkopo, ushuru na mkataba. Alipokuwa na bunduki nyingi mambo hayo hayakumsumbua sana. Alipozeeka yalimfuata hadi mahakamani.

Kutoka Unguja hadi Ituru

Hamed alizaliwa Unguja mnamo mwaka 1837. Ukoo wake ulikuwa umechanganya damu ya Uarabuni na ya Afrika. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyefanya makazi Ituru, karibu na Tabora. Huko alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa hiyo ilimpa nafasi ambayo wageni wengi hawakuwa nayo, kwani mkwe wa mtemi hakuwa mpitanjia, alikuwa mtu wa nyumbani.

Kijana Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akifuatana na ndugu zake wakubwa katika safari fupi za kununua sandarusi karibu na pwani. Alipofika miaka 18 baba yake alimchukua hadi Unyamwezi. Kutoka Tabora aliendelea hadi Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika na kufika Urua, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Hiyo ndiyo ilikuwa shule yake.

Ni vizuri tukumbuke kuwa njia hiyo haikufunguliwa na watu wa pwani. Wanyamwezi wenyewe walikuwa wakisafiri hadi pwani na bidhaa zao kabla ya wafanyabiashara wa Unguja kuanza kujenga nyumba Tabora. Wao ndio waliojua visima, misimu na watemi. Baadaye ndio waliokuwa wapagazi na viongozi wa misafara, na jina lao likawa sawa na kazi ya uchukuzi katika njia nzima. Tabora ilikuwa mahali pa kupumzika, kununua chakula, kuandika wapagazi wapya na kuchagua njia: kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, magharibi kwenda Ujiji, au kusini-magharibi kuelekea Ufipa na kwingineko.

Kwa lugha ya leo, Tabora ilikuwa soko la huduma. Mkulima wa Unyanyembe aliyelima mpunga, mtama au viazi hakuhitaji kwenda pwani kutafuta mteja. Mteja alimfuata mlangoni akiwa na njaa na mizigo ya nguo.

Deni la Unguja

Biashara yenyewe ilikwendaje? Kitambaa cheupe cha merikani kilitoka Marekani kwa meli hadi Unguja. Wafanyabiashara wakubwa wa Kihindi walikinunua, pamoja na shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Wao hawakusafiri kwenda bara. Walimkopesha kiongozi wa msafara, naye akaahidi kurudi na pembe. Mkopeshaji alipata faida mara mbili. Kwanza bidhaa za mkopo ziliandikwa kwa bei ya juu kuliko za fedha taslimu, na pili pembe zikirudi zilipitia kwake.

Mkopeshaji mkubwa wa Tippu Tip alikuwa Taria Topan, tajiri wa Kihindi ambaye jina lake lilijulikana Unguja nzima. Mwanzoni Tippu Tip alipata mali kidogo kidogo kutoka kwa wakopeshaji wengi. Baada ya kurudi na faida kubwa, Taria Topan alimwamini na mali ya makumi ya maelfu ya rial. Hiyo ndiyo kanuni ya mkopo isiyobadilika: anayelipa deni dogo hupewa kubwa.

Lakini tupige hesabu kidogo. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32. Kutoka pwani hadi Tabora msafara wenye mizigo ulitumia karibu miezi mitatu. Kila siku ya safari, na kila siku ya kungoja mvua ipungue au mto ushuke, watu walikula posho, na posho ililipwa kwa nguo zile zile za mkopo. Maana yake mtaji ulipungua kila jua lilipochomoza, kabla pembe hata moja haijanunuliwa.

Ndiyo maana wengi walishindwa. Palikuwa na watu Tabora, Ujiji na ng'ambo ya ziwa ambao hawakuthubutu kurudi Unguja kwa sababu ya madeni. Walioa huko, wakalima, wakazeeka huko. Mtu akipita Tabora siku hizo akaona nyumba nzuri yenye shamba la mikungu na migomba, asingeweza kujua kama mwenyewe ni tajiri au ni mkimbizi wa deni.

Hongo za njiani

Gharama nyingine ilikuwa hongo. Siku hizi neno hilo lina maana ya rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ni ushuru wa kupita. Msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi, ulilipa nguo, nyaya au shanga ili upewe njia, maji na usalama. Ugogo palijulikana kwa hongo nzito kwa sababu nchi ni kavu na mwenye kisima ndiye mwenye amri. Uvinza ulilipa ili uvushwe mto Malagarasi. Kila kituo kilikuwa na majadiliano yake, na yaliweza kuchukua siku kadhaa huku posho ikiendelea kuliwa.

Wafanyabiashara waliilalamikia sana hongo na kuiita unyang'anyi. Tukiiangalia kwa jicho la wenyeji, hoja yao ilikuwa na nguvu. Misafara ya mamia ya watu ilikunywa maji yao, ilikata kuni zao, na mara nyingine iliingia mashambani. Kwa nini mali ipite bure na faida yote iende Unguja?

Tabora yenyewe iliona ugomvi huo. Mtemi Fundikira alipofariki mwaka 1858, alimfuata Mnywasele, ambaye Waswahili wa pwani na wageni walimwita pia Manua Sera. Mnywasele alitaka wafanyabiashara wa kigeni waliokaa katika nchi yake walipe ushuru. Wao walizoea kukaa bila kulipa. Vita vilizuka, Mnywasele akaondolewa, na mahali pake akawekwa Mkasiwa ambaye wafanyabiashara walielewana naye. Walishinda kesi hiyo kwa bunduki. Hakukuwa na hakimu.

Ushindi huo uliwagharimu baadaye. Kiongozi mwingine, Mirambo wa Urambo, aliona kilichotokea Unyanyembe. Mwaka 1871 aliwafungia njia ya kwenda Ujiji, na vita kati yake na wafanyabiashara wa Tabora viliendelea kwa miaka kadhaa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa akipita kumtafuta Dk. Livingstone, alijiunga na upande wa Tabora na akaona kushindwa kwao kwa macho yake. Njia ikifungwa, pembe zilichelewa na madeni ya Unguja yakasimama bila kulipwa. Waliokataa kulipa ushuru mdogo wa amani walilipa gharama kubwa ya vita.

Tippu Tip mwenyewe hakuwemo katika vita vile, alikuwa mbali ng'ambo ya ziwa. Aliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1880 akiwa na shehena kubwa ya pembe, alichagua kuelewana na Mirambo badala ya kupigana naye. Sefu, mwanawe, alikwenda Urambo kuonana na mtemi huyo. Mfanyabiashara mwenye mali nyingi njiani hana faida na vita.

Utajiri ulitoka wapi

Hapa lazima tuseme ukweli bila kuuzunguka. Utajiri wa Tippu Tip haukutokana na kununua kwa bei ndogo na kuuza kwa bei kubwa tu. Mwaka 1867, katika nchi ya Itabwa kusini-magharibi mwa Ziwa Tanganyika, alipigana na mtawala aliyeitwa Nsama, akamshinda na kuchukua ghala lake la pembe. Ilikuwa karibu frasila 2,000, yaani zaidi ya tani 30. Mali hiyo haikununuliwa, na faida yake haiwezi kuitwa faida ya biashara.

Safari iliyofuata ilianza mwaka 1870 na ilimalizika mwaka 1882. Kwa miaka hiyo 12 hakurudi Unguja. Alijitwalia utawala katika nchi ya Utetera kwa kudai ana undugu na mtawala wa huko, kisha akafanya makao Kasongo, katika nchi ya Manyema. Huko alikusanya pembe kama kodi, akatoza watu kazi, na watu wake waliteka vijiji. Waliotekwa walibebeshwa pembe, walilimishwa mashamba au waliuzwa. Wageni waliofika Kasongo walisifu mashamba ya mpunga yaliyostawi. Mchumi wa kilimo akisoma sifa hizo lazima aulize swali moja: nani alilima, na alilipwa nini? Jibu linajulikana.

Mkopeshaji wake Unguja naye hakuuliza pembe imetoka wapi. Alitazama uzito na ubora wake. Hiyo nayo ni historia ya mkopo: fedha ziliingia safi upande mmoja na kutoka safi upande wa pili, na katikati palikuwa na vijiji vilivyoteketea.

Mikataba na Stanley

Mwaka 1876 Stanley alifika Manyema akitaka kushuka Mto Kongo. Watu wake waliogopa msitu. Aliingia mkataba na Tippu Tip amsindikize kwa vituo 60 kwa malipo ya rial 5,000. Msitu ulikuwa mbaya kuliko ilivyodhaniwa, magonjwa yakaua watu, na Tippu Tip alirudi kabla ya kumaliza vituo vyote. Baadaye kila upande ulikuwa na hadithi yake. Stanley alilalamika kuwa aliachwa njiani. Tippu Tip alilalamika kuwa hakupata yote aliyoahidiwa.

Kwa kawaida watu wawili walioachana hivyo hawafanyi tena biashara. Hawa walifanya. Februari 1887, Unguja, Stanley alimjia tena. Wakati huo alikuwa na safari ya kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama upande wa kusini mwa Sudan. Tippu Tip aliteuliwa kuwa gavana wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani, kwa niaba ya serikali ya Mfalme Leopold, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Aidha, aliahidi kutoa wapagazi 600 wa kubeba mizigo ya msafara.

Wapagazi hao walichelewa sana. Kundi la nyuma la msafara, lililoachwa Yambuya chini ya Meja Barttelot, liliwangoja kwa miezi mingi huku watu wakifa kwa njaa na maradhi. Walipokuja hatimaye katikati ya mwaka 1888 walikuwa pungufu, na mizigo ikabidi ipunguzwe uzito ndipo wakubali kuibeba. Mwezi Julai Barttelot aliuawa kwa risasi na mmoja wa wapagazi. Mwezi uliofuata msaidizi wake Jameson naye alifariki kwa homa.

Nani alikuwa na kosa? Upande wa Stanley ulisema Tippu Tip alivunja mkataba kwa makusudi. Upande wa Tippu Tip ulisema baruti na risasi zilizoahidiwa kwa ajili ya wapagazi hazikutolewa, na bila hizo hakuwa na namna ya kuwapeleka watu katika nchi ya hatari. Msomaji aliyewahi kulima kwa mkataba anaujua mgogoro huu. Kampuni husema mkulima hakuleta mzigo. Mkulima husema mbolea haikufika kwa wakati.

Kesi ya pauni 10,000

Desemba 1889 Stanley alifika Bagamoyo. Huko Unguja aligundua kuwa nyumba ya biashara ya Taria Topan, ambayo mwanawe Jaffer aliiendesha, ilikuwa inashika zaidi ya pauni 10,000 za Tippu Tip. Fedha hizo zilikuwa malipo ya pembe alizoiuzia serikali ya Kongo. Mara moja Stanley alifungua madai katika mahakama ya ubalozi wa Uingereza, akitaka pauni 10,000 ziwe fidia kwa hasara ya msafara wake.

Tuangalie ujanja wa kisheria uliokuwepo. Tippu Tip mwenyewe alikuwa mbali bara, na hakuwa raia wa Uingereza. Lakini wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja walihesabiwa kuwa raia wa himaya ya Uingereza. Fedha zilizokuwa mikononi mwao ziliweza kufikiwa na mahakama hiyo. Kwa hiyo hakukamatwa mtu, zilikamatwa fedha. Hata sheria zetu za leo zinaruhusu mahakama kuzuia mali ya mdaiwa kabla ya hukumu, ikiwa kuna hofu kuwa itatoweka.

Habari zilimfikia Tippu Tip huko Falls. Mwaka 1890 aliondoka kwenda kujibu. Alivuka ziwa, akapita Ujiji, akafika Tabora ambako ugonjwa ulimchelewesha. Ilikuwa Tabora nyingine. Mwaka huo huo bendera ya Wajerumani ilipandishwa hapo. Njia aliyoijua tangu ujana, ambayo mambo yake yaliamuliwa kwa nguo na bunduki, sasa ilikuwa na wenyewe wapya wenye karatasi.

Alifika pwani mwaka 1891. Kesi ile haikufika kwenye hukumu ya kumtia hatiani, kwani wenye madai waliyaacha. Kuthibitisha kuwa ni yeye peke yake aliyesababisha maafa ya Yambuya lilikuwa jambo gumu, hasa ikiwa upande uliodai nao ulikuwa na ahadi ambazo hazikutimizwa. Tippu Tip aliokoa fedha zake. Lakini alikuwa ameacha kila kitu Kongo ili aje kuzitetea, na hakurudi tena.

Kesi ya mbia

Kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Kuanzia mwaka 1892 majeshi ya serikali ya Kongo yaliwapiga wafanyabiashara wa Manyema. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka 1893, na mwaka huo huo Sefu aliuawa. Pembe, nyumba na mashamba ya Kongo yote yalipotea. Unyanyembe nayo iliona mwisho wa zama. Januari 1893 Mtemi Isike, aliyewapinga Wajerumani katika boma lake la Ipuli, alishindwa na kufa.

Miongoni mwa walioshindwa Kongo alikuwamo Muhammed bin Khalfan, maarufu Rumaliza, ambaye makao yake yalikuwa Ujiji. Yeye na Tippu Tip walikuwa wabia kwa miaka mingi. Wakati mali inaingia, ubia wao haukuwa na matatizo. Mali ilipopotea, swali likazuka: kilichobaki ni cha nani?

Rumaliza alifungua madai katika mahakama ya Wajerumani upande wa bara, akidai sehemu yake katika mali ya ubia. Alishinda. Tippu Tip akapoteza mali aliyokuwa nayo bara, katika nchi ile ambayo baba yake alikuwa mkwe wa mtemi. Uchungu huo hakuusahau. Alipoandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, miaka michache kabla ya kufa, ugomvi na Rumaliza ulipata nafasi yake mwishoni. Maandishi hayo yalichapishwa pamoja na tafsiri ya Kijerumani na Heinrich Brode, na ni kati ya habari za kwanza za mtu kuandika maisha yake mwenyewe katika lugha yetu.

Miaka ya mwisho aliishi Unguja kama mwenye mashamba. Mwaka 1897 amri ya Sultani iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa visiwani, na wenye mashamba wote wakalazimika kuanza kufikiria vibarua wa kulipwa. Tippu Tip alifariki Juni 1905 kwa malaria. Nyumba yake bado ipo Shangani, katika Mji Mkongwe.

Tunajifunza nini

Mwaka jana nilikaa na mkulima mmoja wa tumbaku chini ya mwembe wake, katika moja ya wilaya za Tabora. Alikuwa amelima vizuri, amepata daraja zuri, na mkononi hakupata kitu. Wenzake katika kikundi walichukua pembejeo, wakauza tumbaku yao pembeni, na deni lao likakatwa katika mauzo yake kwa sababu walidhaminiana. Aliniuliza kama hiyo ni haki. Nilimwuliza kama aliisoma karatasi aliyoweka sahihi. Akasema hakuisoma, maana wote walisaini siku moja na gari lilikuwa linangoja.

Jibu langu halikumfurahisha, wala halikunifurahisha mimi. Lakini maisha ya Tippu Tip yanatukumbusha mambo manne ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo asiyapuuze.

Kwanza, ubia si urafiki. Kwa sheria ya Tanzania ubia umewekewa masharti katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na wabia huwajibika kwa pamoja kwa madeni ya biashara yao. Mdai anaweza kumfuata yeyote kati yenu, hata yule asiyekula fedha. Anayetaka deni la biashara lisifike kwenye nyumba na mashamba yake afikirie kusajili kampuni yenye dhima yenye kikomo, na hata hapo asome kwanza kila dhamana anayowekea sahihi kwa jina lake.

Pili, mkataba useme nani anaanza. Ikiwa wewe utaleta mazao baada ya kupewa pembejeo, andikeni pembejeo zitafika tarehe gani, na zisipofika nini kitatokea. Ugomvi wa baruti na wapagazi ulikuwa ugomvi wa jambo hilo tu, na watu walikufa. Aidha, madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, hivyo anayeona amedhulumiwa asikae kimya akingoja siku nzuri.

Tatu, fedha yako iliyo mikononi mwa mtu mwingine inaweza kuzuiwa kwa ugomvi usioujua. Tippu Tip alizijua habari za pauni zake akiwa safari ya miezi mingi kutoka Unguja. Mkulima anayeacha malipo yake kwa chama au kwa wakala awe na nakala ya stakabadhi na aulizie hesabu mara kwa mara. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, ushuru unajadiliwa, haukimbiwi. Waliomwondoa Mnywasele ili wasilipe walivuna vita vya Mirambo. Mwaka 2017 serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia tano hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula, na kuondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaopita kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Unafuu huo ulitokana na malalamiko ya wakulima na wafanyabiashara yaliyofikishwa mahali panapohusika, na ulipatikana bila mtu kufunga njia.

Lipo na la tano, ambalo si la sheria. Tippu Tip alikuwa hodari wa hesabu, mvumilivu na msafiri ambaye wachache walimfikia. Yote hayo aliyajenga juu ya migongo ya watu waliobeba pembe bila hiari yao, na hakuna mahakama iliyowahi kusikiliza madai yao. Kesi zilizofunguliwa zilikuwa za Stanley na za Rumaliza, watu wenye jina na wenye fedha ya kudai. Wapagazi waliokufa njiani kati ya Manyema na Tabora hawakuwa na karatasi.

Yule mkulima wa chini ya mwembe ana karatasi. Tuliisoma pamoja siku ile, kifungu kwa kifungu, hadi jua lilipozama, na msimu uliofuata alikataa kusaini kabla ya kila mwanakikundi kuonyesha ukubwa wa shamba lake. Watatu walijitoa. Waliobaki walikuwa saba, na wote saba walilipa.